"Safisha eneo lako vizuri": maneno manne yaliyoruka kazi yote

Mezani kwangu kuna kijikaratasi cha kukunja, kurasa sita, kinachogawiwa bure kwenye kitalu kimoja cha miche kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Ni mwongozo wa kupanda nyasi za nyumbani na kuzitunza zisiliwe na magugu. Kitalu chenyewe sikitaji. Miche yao ni mizuri, na ushauri huu hawajautunga wao. Utaukuta kwenye klipu za simu, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wanaojenga, na kwa fundi bustani yeyote utakayemuuliza. Maneno ni yale yale, wakati mwingine hadi makosa ya herufi ni yale yale.

Nataka tukisome pamoja, kama tunavyosomaga makala za kisayansi kwenye kikao chetu cha Ijumaa: kwa heshima, lakini bila kuoneana haya. Na niseme mapema kwamba sisomi nikiwa sina upande. Kijikaratasi hiki kilimgharimu baba yangu mdogo bustani nzima, halafu mimi, msomi wa ukoo, nikaja kumalizia uharibifu. Nitafika huko.

Kwanza angalia picha ya jalada. Kuna ua la njano, la mviringo, limekaa katikati ya nyasi fupi. Hilo ni Taraxacum, gugu maarufu la bustani za Ulaya na Marekani. Mimi nimesoma magugu miaka minne sasa, na kwenye ua wa nyumba ya Kigamboni sijaliona hata siku moja. Ukurasa wa tatu unakuambia unyunyizie dawa ya kuzuia mbegu zisiote "mwanzoni mwa majira ya kuchipua". Msomaji, wewe unayaonaje hayo majira ya kuchipua ukiwa Mbagala?

Usicheke ukapita, maana hapo ndipo kosa lilipoingilia. Sentensi hiyo ilipoandikwa kwa mara ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa. Kwenye nchi za baridi, mbegu za magugu ya msimu zinalala udongoni wakati wote wa kipupwe chao kikali, na zinaamka udongo ukifika nyuzijoto 10 hadi 13 hivi. Kuna bustani za Marekani ambako watu wanaangalia tu kichaka cha forsythia: kikichanua maua ya njano, wanajua udongo unakaribia joto hilo, basi wanatia dawa. Ni kalenda nzuri na ina sayansi ndani yake. Ila kwetu pwani udongo hauna siku ya baridi namna hiyo. Usiku wa Julai hewa ikishuka hadi nyuzi 18, tunavaa masweta. Mbegu za hapa hazisubiri joto, joto lipo tu. Zinasubiri maji. Kwa hiyo kalenda yetu ni masika, vuli, na mpira wako wa kumwagilia. Kijikaratasi hakina neno "vuli" hata mahali pamoja.

Kuna tofauti nyingine ambayo tafsiri hiyo imeibeba bila kujua. Wenzetu wa huko bustani mpya wanaipanda kwa mbegu, au wanakuja na mazulia ya nyasi zilizokwisha kukomaa. Sisi walio wengi tunapanda vipando: kipande cha shina linalotambaa, chenye vifundo viwili vitatu, unakifukia kwa mstari na unangoja kitambae. Paspalamu hivyo, ukoka hivyo. Maana yake, kwa wiki nyingi bustani mpya ya Kiswahili ni udongo mtupu wenye nukta za kijani. Jua linaupiga, maji unaumwagia asubuhi na jioni. Ukitaka kumwandalia gugu karamu, huwezi kufanya vizuri zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye kilichotokea.

Baba mdogo alistaafu, akahamia nyumba yake Kigamboni, na Septemba ya mwaka juzi akaamua kupanda nyasi kwa sababu Desemba binti yake alikuwa na sendofu na alitaka ifanyikie uani. Udongo wa pale ni mchanga wa pwani, kwa hiyo akaagiza tripu mbili za udongo mweusi. Akamwaga na samadi ya ng'ombe juu. Vipando vya paspalamu vilipandwa mwanzoni mwa Oktoba. Siku ya kumi uani pakawa kijani kibichi, akanitumia picha kwa furaha. Niliivuta ile picha kwa vidole viwili nikanyamaza. Kijani kile hakikuwa paspalamu. Ilikuwa ndago.

Kama huijui ndago kwa jina, unaijua kwa mkono. Majani membamba yanayong'aa, yanachomoza kwa kasi kuliko nyasi zako, ukiling'oa linakuja kirahisi mno, halafu baada ya wiki lipo tena. Likitoa ua, kata kile kishina cha ua ukiviringishe katikati ya vidole: kina pembe tatu. Kwa jina la kitaalamu ni Cyperus rotundus, na wala si nyasi, ni jamaa ya mafunjo. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago wakaipa namba moja. (Namba mbili waliipa ukoka, Cynodon dactylon, nyasi ile ile ambayo nusu ya jiji inanunua vipando vyake ili ipande makusudi. Gugu ni mmea uliokaa mahali ambapo wewe hukuutaka, basi.)

Kijikaratasi, ukurasa wa nne: "Wiki mbili baada ya kupanda, nyunyizia kiuagugu ili kuua magugu yote yaliyojitokeza." Baba mdogo ni mtu wa kufuata maelekezo. Akaenda duka la pembejeo, akaomba kiuagugu, akapewa glaifosati.

Hebu tusimame hapa, maana kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi mbaya kuliko zote kwenye kurasa zile sita. Inasema "kiuagugu" kana kwamba ni kitu kimoja, kama chumvi. Na lugha yetu inatusaidia kukosea, maana dukani hatusemi hata kiuagugu, tunasema "dawa ya magugu", na dawa akilini mwetu ni kitu kinachoponya, kinachojua mgonjwa ni nani. Glaifosati haijui. Inaziba kimeng'enya ambacho mimea inakitumia kutengeneza baadhi ya viini vya protini, na kimeng'enya hicho kiko kwenye paspalamu kama kilivyo kwenye ndago. Chochote cha kijani kilichoguswa kinakufa. Iliingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na kazi yake ilikuwa hiyo tangu mwanzo, kuua chote.

Angepewa 2,4-D je? Hiyo ni homoni bandia ya ukuaji. Inayavuruga mimea yenye majani mapana yakajisokota hadi kufa, lakini nyasi zilizokomaa zinaivumilia. Zilizokomaa, nasisitiza. Kipando cha wiki mbili kinaweza kuumia, na ndago inaweza kunyong'onyea kidogo juu huku viazi vyake chini vikiwa salama. Angepewa pendimethalini, ile ya kuzuia mbegu zisiote, basi ingekuwa kichekesho cha aina yake: inafanya kazi kwa kuzuia seli za mizizi michanga kugawanyika, na kipando cha wiki mbili kitu pekee kinachohangaikia duniani ni kutoa mizizi michanga. Zipo pia dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya ndago ndani ya nyasi, kwa mfano halosulfuroni, lakini nazo lebo zake zinataka nyasi ziwe zimeshashika vizuri ndipo unyunyizie. Yaani dawa nne, tabia nne, na hakuna hata moja inayofaa kutiwa kwenye vipando vya siku kumi na nne. Mwandishi wa kijikaratasi angeandika tu "usinyunyizie chochote hadi umezikata nyasi mara tatu au nne", angekuwa ameokoa bustani nyingi. Huo ushauri uko kwenye miongozo ya huko kilikotafsiriwa. Wameleta picha ya ua la njano, hilo wameliacha bandarini.

Na kuna jambo lingine kuhusu sentensi ile ambalo linaniudhi kuliko nyasi. Aliyenyunyizia siyo baba mdogo. Ni kijana wa bustani, na alinyunyizia akiwa na kandambili, kaptura, na bomba mgongoni linalovuja kwenye mfuniko. Kurasa sita, hakuna neno glavu, hakuna neno buti, hakuna "soma lebo". Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikubaliani nao, na ubishi huo unaendelea hadi leo kwenye majarida na mahakamani. Sitauamua mimi hapa. Ila huhitaji kungoja uamuzi ili umpe mtu glavu, mikono mirefu na buti. Viuatilifu hapa Tanzania vinasajiliwa na mamlaka ya TPHPA, na kila chupa halali ina lebo inayosema uvae nini na uingie tena eneo baada ya muda gani. Mwongozo unaosema "nyunyizia" bila kusema "vaa" umemwona mwenye nyumba, haujamwona anayebeba bomba.

Basi, katikati ya Novemba paspalamu ikawa njano, kisha kahawia. Ndago nayo ikawa njano. Baba mdogo akafarijika kidogo: angalau gugu limekufa, tutapanda upya. Wiki mbili baadaye ncha zilizochongoka zikaanza kutoka, na safari hii zilikuwa nyingi zaidi.

Kumbe ilikuwaje? Chini ya ardhi ndago ni mnyororo: kiazi, kamba, kiazi, kamba, kiazi. Kiazi kimoja kikichipua na kutoa majani, kinavizuia vingine kwenye mnyororo visichipue. Vinalala tu, vinasubiri zamu. Glaifosati husafiri ndani ya mmea ikifuata sukari, inakwenda panapokua. Kiazi kilicholala hakiagizi sukari, kwa hiyo na sumu haikifikii. Ukishamuua mkubwa aliyekuwa anavizuia, wadogo wote wamepata ruhusa.

Ndipo akanipigia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Wewe si ndiyo unasomea haya madude?"

Ndiyo, ninayasomea, ingawa mimi ni wa magugu ya mpunga. Na nilikuwa nimesoma kwamba udhaifu mkubwa wa viazi vya ndago ni kukauka. Vikitolewa juu vikapigwa na jua siku kadhaa vinakufa. Nikamwambia kwa kujiamini: achana na madawa, tafuta jembe, geuza udongo wote, viazi viwe juu, vikauke. Akawalipa vijana wawili siku mbili. Uani pote pakageuzwa.

Msomaji, ilikuwa mwisho wa Novemba. Mvua za vuli zilishaanza. Jua la kukausha halikuwepo, na jembe lilikuwa limeikata minyororo yote vipande vipande. Kila kiazi kikajikuta hakina wa kukizuia. Sendofu tulitandika majamvi na turubai juu ya ndago, na wakwe wakasifia "bustani" kwa adabu. Baba mdogo hajawahi kunilaumu. Nafikiri ni kwa sababu anaamini sayansi ilijitahidi.

Nimeeleza hilo kwa sababu kosa langu na la kijikaratasi ni mtoto na mjomba wake. Ushauri wangu ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa Juni hadi Septemba, wakati pwani ni pakavu. Nikautoa Novemba, bila kuuliza hata "huko mvua imeanza?" Jembe lile lile ni rafiki kiangazi na ni adui vuli.

Sasa turudi ukurasa wa pili, ambao watu wengi wanauruka. Una sentensi kuhusu kusawazisha ardhi (nzuri), kuhusu kumwagilia asubuhi (nzuri pia), na juu kabisa kuna hii: "Safisha eneo lako vizuri." Maneno manne. Halafu kinaendelea na umbali wa vipando.

Malalamiko yangu makubwa kuhusu mwongozo huu ni uwiano wake. Kurasa mbili nzima ni za kunyunyizia baada ya kupanda, ambako hakuna cha maana unachoweza kunyunyizia. Maneno manne ni ya kabla ya kupanda, ambako karibu kila kitu kinawezekana, maana eneo bado ni tupu na huna nyasi za kulinda. Kama ungeniuliza mimi, ningeligeuza: kurasa mbili hapa, maneno manne kule.

"Safisha" ina maana gani kwa kweli? Watu wanaelewa kufyeka na kuchoma. Hicho ni kusafisha macho. Shehena ya magugu iko ndani ya udongo, mbegu na viazi, na njia ya kuiondoa inaonekana ya kijinga mwanzoni: unaiotesha kwa makusudi. Unasawazisha eneo kama vile unapanda kesho, unamwagilia kama vile umeshapanda, halafu hupandi. Unangoja. Baada ya wiki mbili uani panajaa. Unayaua yakiwa machanga, na unajitahidi usichimbue sana, maana ukigeuza udongo unaleta mbegu nyingine juu penye mwanga. Unamwagilia tena. Awamu ya pili inakuwa nyepesi, ya tatu nyepesi zaidi. Wakulima wa mboga wanaijua mbinu hii vizuri. Wenye bustani za maua hawana subira, na wauza vipando hawana sababu ya kuwaambia wasubiri.

Kwa ndago, kila awamu ina tarehe ya mwisho. Jani likishatoka, viazi vipya vinaanza kutengenezwa ndani ya wiki tatu hadi sita. Kabla ya hapo, mmea unakula akiba ya kiazi mama. Kwa hiyo ukiung'oa kila baada ya wiki mbili, bila kukosa, unamlazimisha mama atoe akiba asirudishiwe. Ukiung'oa ukikumbuka, mara moja kwa mwezi hivi, unapalilia tu ili ikue vizuri. Na kama utatumia glaifosati, mahali pake ni hapa, kabla ya nyasi kuwepo, kwenye ndago yenye majani mengi yenye afya, usiyoifyeka kwanza, kisha unarudia kwa zile zitakazochipua baadaye. Kemikali ni ile ile iliyomuua paspalamu wa baba mdogo. Kilichobadilika ni wiki.

Kuna na njia ya nailoni, ambayo naipenda kwa sababu ya stori yake. Mwaka 1976 Jaacov Katan na wenzake huko Israeli walichapisha kazi ya kupasha udongo joto kwa jua: unalowesha ardhi, unaifunika kwa nailoni angavu, unafukia kingo zote, unaacha wiki nne hadi sita. Wao walikuwa wanawinda vimelea vya magonjwa, lakini mbegu nyingi za magugu kwenye sentimita za juu nazo zinakufa. Kwetu Januari na Februari, kabla ya masika, jua lipo la kutosha na ni bure. Watu huwa wananiuliza: kwa nini isiwe nailoni nyeusi, si ndiyo inashika joto? Kwa ndago jibu ni tamu. Ncha yake inapopanda gizani inabaki imefungwa na imechongoka kama sindano, na inatoboa nailoni nyeusi kabisa, waulize wanaolima nyanya kwa kufunika matuta. Chini ya nailoni angavu, mwanga unaifikia kabla haijatoka, inadhani imeshafika juu, inafungua majani. Jani lililofunguka haliwezi kutoboa. Linabaki limebanwa pale na linaungua. Utafiti huo ulifanyika Florida miaka ya 1990. Viazi vilivyo chini zaidi vinapona, nisikudanganye, lakini umepunguza kazi sana.

Halafu zile tripu mbili za udongo mweusi! Kijikaratasi kinapendekeza "udongo wenye rutuba" na "samadi ya kutosha", bila swali hata moja kuhusu vilikotoka. Udongo mzuri mweusi kwa kawaida ulichotwa shambani au bondeni, na ndago inapenda huko. Ule mchanga wa Kigamboni wenyewe, jinsi ulivyo maskini, haukuwa na ndago. Baba mdogo aliinunua, akailipia na usafiri. Samadi mbichi nayo inabeba mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikatoka hai. Ikirundikwa ikachemka vizuri, nyuzi 55 na kuendelea, ikageuzwa ili na ya pembeni iingie katikati, mbegu nyingi zinakufa. Samadi inayonuka na kunata haijafika huko.

Mengine nitayapitia haraka. Umbali wa vipando: kijikaratasi kinasema sentimita 30 "ili kuokoa gharama". Piga hesabu. Eneo la mita 10 kwa 10 linakula vipando kama 1,100 kwa umbali huo, na kama 4,400 ukipanda kwa sentimita 15. Ni mara nne, naelewa kwa nini mtu anasita. Ila kwa sentimita 15 kila shina linatambaa nusu tu ya umbali kabla ya kukutana na jirani, na kila wiki ambayo udongo uko wazi unailipia kwa kupalilia. Kama fedha haitoshi, panda nusu ya ua kwa kubanana, nusu nyingine endelea kuisafisha. Nyasi zilizofungana zinazima magugu mengi ya mbegu. Ndago hazitaizima, zitaisumbua tu.

Na yale magugu ya majani mapana ambayo kijikaratasi kinayatolea ukurasa mzima wa vitisho, kishona nguo, mchicha pori na wenzao? Mengi yake yanakua kwa kilele. Ukikata kilele mara kadhaa, habari imekwisha, wakati nyasi zinakulia chini karibu na ardhi na hazijali kukatwa. Nyasi zikishashika, fyekeo au mashine ndiyo kiuagugu chake.

Baba mdogo ameanza upya mwaka huu. Juni hadi Septemba vijana walilima mara tatu, kukavu kabisa, viazi vikaachwa juani hadi vikawa vyepesi kama kokwa tupu. Oktoba hii anamwagilia eneo lisilo na kitu na majirani wanamshangaa. Ndago zinatoka moja moja, anaziong'oa mwenyewe kila Jumamosi ya pili kwa kisu kirefu, ameziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani. Anataka kupanda Novemba.

Juzi akanipigia. Karibu na geti ardhi imeshuka, inahitaji kujazwa, na jirani anauza tripu ya udongo, "mweusi mzuri kweli, mama, ungeuona". Nilimwambia asimlipe bado. Achukue ndoo moja tu ya udongo ule, atoboe matundu chini, aumwagilie kila siku, auweke penye jua nyuma ya jiko, tuupe wiki tatu. Leo ni siku ya tisa. Ametuma picha: ncha nne, zimechongoka.

"Mwambie jirani asante," nimemjibu.